Oveni ya Mama Salumu na Madai ya Mikorosho

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Najua inachekesha. Fundi Ahmadi, aliyenifundisha kazi na ambaye mwenyewe hana mpango wowote wa kustaafu, aliponisikia nikilitamka neno hilo pale karakana Nachingwea alikalia mtungi mtupu akacheka mpaka akavua kofia.

"Umestaafu nini wewe, Kwanini? Mbona meno yote bado yapo?"

Hata hivyo nimemaliza. Miaka yote hii ya kuinamia majiko ya gesi ya watu, kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa na vijiji vya katikati, imetosha. Nakwenda kwenye pampu za maji za sola, kazi ambayo bado siijui, na kutoijua ndiko kunakonivuta. Rukia na Yahaya, mnaobaki na karakana, mmeniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo kwenye vijitabu vinavyokuja na majiko. Haya hapa. Sehemu kubwa itahusu oveni moja ya Ruangwa ambayo ilibaki kidogo imponyoke mwenye nayo, kwa sababu kila nilichojifunza kwenye kazi hii kilihitajika siku ile, na kingine zaidi ambacho nilikuwa bado sijajifunza.

Nianze na jina. Nilirudi Nachingwea na shahada ya kemia na begi moja la nguo. Kazi ya maabara niliyokuwa naisubiri haikuja, na mama alikuwa amechoka kuniona nikisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua. Siku moja jiko letu likagoma, akaitwa Fundi Ahmadi. Nikasimama nyuma yake. Kwa nini unapaka povu la sabuni kwenye mpira? Kwa nini unanusa chini na si juu? Kwa nini kiberiti umekiacha nje? Alijibu, akajibu, halafu akachoka.

"Binti, shika tochi. Mtu mwenye mdomo wa namna hii, afadhali na mikono yake iwe na shughuli."

Kesho yake nilikuwa karakana, na jina la Kwanini lilikuwa limeshafika kabla yangu.

Fundi Ahmadi hakuwa mtu wa nadharia. Alikuwa na desturi ya kuligonga jiko mara moja kwa kiganja kabla ya kulifungua, kama mtu anayebisha hodi, na nilipomuuliza inasaidia nini alisema, "Inanisaidia mimi." Nimejaribu miaka mingi kuthibitisha kwamba haina maana. Sasa nagonga na mimi. Ukigonga, mende wanatoka kabla hujaingiza mkono.

Kuna faida moja ya kuwa fundi mwanamke ambayo sikuitegemea. Kwenye nyumba nyingi za huku, mwanamume mgeni anaishia barazani, analetewa kiti, anasubiri jikoni patengenezwe kwanza. Mimi nilikuwa napita moja kwa moja na kulikuta jiko katika hali yake ya kweli. Rukia, utaliona hilo mwenyewe. Yahaya, wewe piga hodi, kaa, kunywa chai, lakini ukisikia wanasema "ngoja tufagie kwanza," waombe sana wasifagie. Uchafu ndio shahidi wako wa kwanza.

Sasa oveni isiyowaka. Anza na mtungi, kila mara, hata kama mwenye jiko ni mwalimu wa fizikia. Uinue. Safari zangu nyingi za pikipiki kwenye vumbi ziliishia kwenye mtungi mtupu ambao mtu alikuwa ameapa kwamba ni mpya. Kisha angalia kama regyuleta, ile ya juu ya mtungi, imefunguliwa, kisha mpira, kwa sabuni. Ndipo uingie ndani. Kwenye oveni za aina hii kuna mwali mdogo wa kuwashia, na ndani ya mwali huo kuna kijiti cha shaba. Unabonyeza kitufe, unawasha mwali, unaendelea kukishikilia kitufe mpaka kijiti kipate moto. Kikipata moto, chenyewe kinaishikilia njia ya gesi ibaki wazi. Kikipoa, kinaifunga, ili gesi isijae chumbani wakati moto haupo. Kwa hiyo ukiachia kitufe na mwali ukazima, uliza: nimeachia mapema? Kijiti kimekufa? Au mwali wenyewe ni dhaifu, haukifikii?

Zana ni chache: mswaki laini, pampu ya baiskeli ya kupulizia, mita ndogo ya umeme ya kukipima kijiti, na uzi mmoja mwembamba uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli kwa ajili ya kuzibua tundu la gesi. Kuzibua, si kutanua. Niliwahi kuitwa kwa jiko lililozibuliwa na msumari. Moto wake ulikuwa unapanda kuliko sufuria, na mwenyewe alikuwa anamsifu fundi aliyepita kwamba ana mkono wa nguvu.

Kule Nambambo nilikuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya bomba la oveni. Bibi mwenye nyumba alikuwa anajua. "Walikuwa wametulia," aliniambia, "nikaona nisiwasumbue." Hiyo ndiyo kazi yenu, vijana wenzangu. Nusu yake ni gesi, nusu ni watu.

Mama Salumu alinipigia simu siku ya Jumatano, msimu wa kupuliza mikorosho dawa. Anaoka mikate na skonzi Ruangwa mjini. Maduka yanachukua kwake, na wachimbaji wa dhahabu wa Namungo wanachukua kwake alfajiri kabla hawajaingia mashimoni. Oveni yake ni kubwa, ya trei nne. Marehemu mumewe aliinunua mwaka ambao korosho za familia zilipata bei, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu mashamba yale ni ya familia nzima na sasa yanasimamiwa na shemeji yake, Mzee Hashimu, aliyeihesabu na oveni kuwa mali ya familia.

"Dada fundi, imegoma siku ya nne leo," aliniambia. "Shemeji amempata mtu wa Masasi wa kuinunua. Anakuja Ijumaa baada ya swala na pikapu. Isipowaka inaondoka. Na Jumamosi nina mikate ya shughuli, watoto wanatoka jandoni Mandawa. Nikirudi kwenye kuni ndiyo basi, nitauza chapati mlangoni kama zamani."

Nilimwambia Fundi Ahmadi. Akanyoosha mgongo.

"Oveni ya Mama Salumu? Ile niliitengeneza mimi mwaka jana."

"Ilikuwa na nini?"

"Uchafu."

"Uchafu gani?"

"Uchafu, Kwanini. Uchafu una kabila? Nilisafisha, ikazima. Nikasafisha tena, ikazima. Nikasafisha mara ya tatu, ikawaka moja kwa moja."

"Kwa nini mara ya tatu ilikubali?"

"Kwa sababu nilisafisha vizuri."

Mara ya tatu ilikuwa lini, hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba aliporudi nyumbani mvua za kwanza zilimlowesha njiani. Nililichukua jibu hilo na kuliweka pembeni, kama ninavyoweka skrubu ambayo sijui imetoka wapi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Ruangwa. Chumba cha kuokea kiko uani, kina mlango mmoja na dirisha dogo. Mama Salumu alikuwa amevaa kanga yenye unga mpaka mabegani, ingawa hakuwa ameoka kitu. Alikuwa amekanda donge moja kwa matumaini. Mzee Hashimu alikuwa amekaa kizingitini na bakora yake, kama mlinzi wa benki.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kumi au wa kumi na moja?"

"Shemeji, ni wa tatu," alisema Mama Salumu.

"Watatu wa kulipwa. Mimi nahesabu na washauri."

Niliigonga oveni. Mtungi ulikuwa umejaa. Mpira haukuvuja. Niliwasha mwali: ukatoka mdogo, wa manjano, ukacheza kama unaona aibu, na nilipoachia kitufe ukazima. Niliuliza kama kuna harufu yoyote wanayoisikia.

"Ya gesi? Hakuna."

"Harufu nyingine yoyote?"

Wakatazamana. "Nyingine ipi?" aliuliza Mama Salumu.

Na mimi sikusikia kitu. Nilifungua sehemu ya mwali, nikapiga mswaki, nikapuliza kwa pampu, nikapitisha uzi wa waya. Mita ilionyesha kijiti ni kizima. Nikawasha. Mwali ukasimama wa bluu, nikaachia, ukabaki. Oveni ikapata moto. Mama Salumu akapiga kigelegele, halafu akakohoa, na mimi nikakohoa.

"Huwa inakoholesha kidogo mwanzoni," alisema. "Halafu inaacha."

Mzee Hashimu hakunyanyuka. "Kesho itazima."

"Kwa nini unasema hivyo, mzee?"

"Kwa sababu naijua. Masika inawaka. Ramadhani iliwaka. Korosho zikiingia mnadani inawaka. Inakataa wakati mmoja tu, tukianza kupuliza. Mwaka jana hivyohivyo, mwaka juzi hivyohivyo. Oveni hii imenunuliwa kwa korosho. Kila mikorosho ikianza kuhudumiwa, inakumbuka. Inadai chake."

"Mikorosho inadai?"

"Cheka tu. Kicheko cha chuo kikuu nimeshakisikia redioni."

Nilicheka, ni kweli, na Mama Salumu naye akaficha mdomo kwa kanga. Aliyatoa maneno yale kwa sura ya hakimu anayesoma hukumu, na bakora ameielekeza kwenye oveni kana kwamba ndiyo mshtakiwa.

Nililala kwa Mama Salumu siku hiyo, maana nilitaka kuiona ikiwashwa asubuhi mbele ya macho yangu. Baada ya swala ya alfajiri akabonyeza kitufe. Mwali ukatoka wa manjano, mdogo. Akaachia. Ukazima.

Hakulia. Alikaa juu ya ndoo ya unga na kusema taratibu, "Basi. Mtu wa Masasi aje."

Pale ndipo walipoingia wapulizaji. Vijana wawili wa Mzee Hashimu, vitambaa puani, mashine ya kupulizia mgongoni mwa mmoja. Wakanisalimia, wakapita nyuma ya oveni, wakavuta mfuko wa salfa, ule unga wa manjano wa kukinga mikorosho na ugonjwa, kati ya mifuko iliyopangwa ukutani ambayo jana nilidhani ni ya ngano, wakaupasua palepale na kuimimina kwenye tangi la mashine. Wingu la manjano likapanda mpaka kwenye dari, likatua pole pole juu ya kila kitu. Juu ya trei. Juu ya unga. Juu ya oveni.

"Kwa nini mnaimiminia humu ndani?" niliuliza.

Walinitazama kwa huruma. "Dada, nje si kuna upepo? Itapotea."

"Na kwa nini inakaa humu?"

Sauti ya Mzee Hashimu ikatoka kizingitini. "Salfa inataka pakavu. Ikinyonya unyevu inaganda, ndiyo basi. Nyumba nzima hii hakuna chumba kikavu kama hiki. Kuna oveni."

Mtu asiyetoka huku atashangaa kwamba hakuna aliyenusa. Lakini tangu kupuliza kuanze, Ruangwa na Nachingwea nzima tunanuka salfa. Iko kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye viti vya pikipiki. Mpaka miezi ile iishe, pua haiisikii tena. Nilikuwa nimeuliza kuhusu harufu huku mimi mwenyewe nikinuka hiyohiyo.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuufunga mtungi na kuwatoa wote nje. Salfa inashika moto. Vumbi lake likiwa hewani linaweza kulipuka. Siku zote hizo watu walikuwa wanawasha viberiti hatua chache kutoka kwenye mifuko yake. Nilipolisema hilo, Mama Salumu alishika kichwa, na Mzee Hashimu kwa mara ya kwanza alinyanyuka kizingitini, akasogea mbali kidogo, kwa heshima yake yote.

Kisha nikachomoa kijiti cha shaba. Jana nilikuwa nimekifuta na kukipima, na kilikuwa kizima. Leo kilikuwa na vumbi jipya, na pembeni, kwenye kona ambako mswaki wangu haukufika, palikuwa na gamba gumu la manjano iliyoiva. Nililibandua, nikaomba kijiko cha chai na jiko la mkaa, tukasogea uani upande unaoenda upepo. Nikaliweka gamba kwenye kijiko, kijiko juu ya mkaa. Likayeyuka, likawa jekundu kama asali ya zamani, halafu likashika moto mdogo wa bluu. Harufu ikatupiga.

"Salfa!" walisema wote kwa pamoja, hata jirani aliyekuwa anachungulia juu ya ua.

Shahada yangu ya kemia ilifanya kazi siku ile kwa mara ya kwanza tangu niipate, juu ya kijiko cha chai cha mtu mwingine.

Niliwaeleza. Mwali wa oveni unavuta hewa kwenye vitundu vidogo, na hewa ikiwa na vumbi la salfa, vumbi linaingia nayo. Oveni ikipata moto vumbi linayeyuka, ikipoa linaganda. Vitundu vinaziba, mwali unadhoofika, kijiti kinavaa koti, moto haukifikii. Unasafisha, inawaka siku moja, huku inavuta tena vumbi lililobaki chumbani, na kila alfajiri wapulizaji wanaongeza jingine. Kukohoa kule kulikuwa salfa ikiungua. Na mwaka jana mara ya tatu ya Fundi Ahmadi ilikubali kwa sababu mvua zilikuwa zimefika na kupuliza kumekwisha.

Kisha Mzee Hashimu akasafisha koo.

"Sasa si nilisema ni mikorosho?"

Nilitaka kubishana, maana hiyo ndiyo tabia yangu, lakini alikuwa na haki. Mafundi watatu walikuja na spana. Mtu pekee aliyekuwa ameangalia oveni ile inakataa lini, miaka mitatu mfululizo, ni yeye. Habari ya kudai aliitunga mwenyewe, lakini habari ya inakataa lini ilikuwa sawa kabisa, na ndiyo niliyoihitaji.

"Ulisema, mzee wangu."

"Chuo kikuu kimekubali," aliwaambia wapulizaji. "Haya, bebeni hiyo mifuko."

"Tuipeleke wapi, mzee?"

Hapo ikawa kazi. Stoo inavuja. Barazani kuna watoto. Mwishowe Mama Salumu akasema kwa adabu sana, akiangalia chini, "Shemeji, chumba kikavu kingine ni chako tu."

Asubuhi nzima ilikwenda kwenye usafi. Tulifagia kwa vitambaa vibichi ili vumbi lisipande, tukafuta kuta, dari, miguu ya meza. Tulimwaga unga uliokuwa wazi. Niliifungua oveni mpaka kwenye mifupa, nikaosha kila kinachooshwa, nikakausha, nikapuliza kila tundu kwa pampu kutoka ndani kwenda nje. Wakati adhana ya swala ya Ijumaa inaita, wanaume wakaondoka, na mimi nilikuwa bado nafunga skrubu, na Mama Salumu bado anakanda. Tukafungua mlango na dirisha, nikanusa, nikapaka sabuni, nikaufungua mtungi.

"Washa wewe," nilimwambia. "Ni yako."

Alibonyeza. Mwali ukatoka wa bluu, umesimama wima. Alikishikilia kitufe muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Achia, mama."

"Ikizima je?"

"Achia tuone."

Akaachia. Mwali ukabaki. Akawasha oveni yenyewe na moto ukakimbia pande zote mbili chini ya trei kwa ule mlio wake wa pumzi moja. Hakupiga kigelegele safari hii. Alisubiri akohoe. Hakukohoa. Ndipo akapiga.

Mtu wa Masasi alifika na pikapu na kamba. Mikate ya kwanza ilikuwa imepanda na kuanza kuiva, na harufu yake ilikuwa imefika barabarani kabla yake. Mzee Hashimu alirudi kutoka msikitini akamkuta getini, wakasalimiana kwa kirefu, mashamba, watoto, mvua.

"Nimefuata ile oveni mbovu, mzee."

Mzee Hashimu alitazama pikapu, akatazama kamba, akanusa.

"Mbovu ipi? Hapa kuna oveni inayooka mikate ya jandoni. Ingia ule, halafu ununue wa kupeleka nyumbani."

Mama Salumu alimkatia kipande cha kwanza shemeji yake, akampa kwa mikono miwili. Hakuna aliyezungumzia kuuza tena, siku ile wala baadaye.

Tangu hapo, kwenye nyumba yoyote niliyoitwa, kabla ya kugonga na kabla ya kunusa niliuliza: inakataa lini? Si kila jibu lilikuwa la maana. Mtu mmoja aliniambia jiko lake linakataa wakwe wakija. Lakini hilo nalo nililifuatilia, na kweli, wakwe wakija alikuwa analiwasha jiko la wageni lililokuwa limekaa mwaka mzima na buibui.

Wiki iliyopita nilikwenda kuaga. Msimu wa kupuliza ulikuwa umepamba moto tena, Mama Salumu alikuwa anatoa trei ya pili, na Salumu mwenyewe, aliyekuja likizo, alikuwa anapanga skonzi kwenye kreti za Namungo. Mifuko ya salfa bado inakaa chumbani kwa Mzee Hashimu, karibu na kitanda. Anakohoa, lakini hajawahi kulalamika. Nilimshauri ajenge kibanda kikavu nje, akasema ameanza kukusanya matofali, na matofali kweli yapo.

"Kwa hiyo unakwenda kwenye maji," alisema, yupo kizingitini palepale. "Na mikorosho ikidai tena, nimwite nani?"

Nikamwambia kuna Rukia na Yahaya.

"Wanajua kazi?"

"Wanajua kusafisha, kupima na kufunga."

"Sikukuuliza hivyo. Wanauliza?"

"Nimewaambia wakifika Ruangwa," nilisema, "kabla hawajafungua chochote, wakuulize wewe kwanza."

Alifikiri kidogo, akaisogeza bakora na kuuachia mlango nafasi ya kupita.

"Waje na maswali mazuri," alisema. "Yale yako yalikuwa mengi mno."